Naomba ushauri: kuijenga Ford Maverick ya 1972 kwa V8 na vipuri vilivyokwisha kutumika

spana_na_subira (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nimepata bodi ya Ford Maverick ya mwaka 1972 yenye milango miwili, ambayo ilitoka kiwandani na injini ya silinda sita za mstari mmoja, yenye ujazo wa inchi 200. Injini hiyo imekwama kabisa na haigeuki hata nikirefusha spana kwa bomba, lakini bodi ni nzima kuliko nilivyotarajia. Milango inafunga vizuri, paa halina kutu, na sehemu nilizoziona zimeliwa ni sakafu ya upande wa dereva na kingo za buti.

Nia yangu ni kuigeuza iwe gari la misuli kama yale ya Marekani ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, yaani bodi nyepesi yenye V8 (injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V), ila kwa bajeti ya mtu anayeweka akiba kidogo kidogo kila mwezi. Hadi sasa nimekusanya bloku ya Ford 302 (V8 ya inchi za ujazo 302) na krankshafti yake (shafti inayozungushwa na pistoni) kutoka gari la 1974, gia ya otomatiki ya C4, na flekspleti (ile sahani nyembamba inayoshika nafasi ya flaiwili kwenye gari la otomatiki) iliyotoka kwenye Mustang ya 1988. Vyote nilivipata kwa bei ndogo na kwa watu tofauti. Silinda hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu) bado sina.

Naomba kujua mambo matatu. Je, vipuri hivi vinaelewana? Nianzie wapi? Na ni kitu gani ambacho sipaswi kukibania fedha hata kidogo? Naongeza kwamba yuko aliyeniambia kuwa gari la kuokoteza vipuri haliwezi kuitwa gari la misuli, na maneno hayo yamenikaa moyoni.

fundi_wa_jioni

Ndugu spana_na_subira, nianze na hilo la mwisho. Gari ambalo wengi hulitaja kama mwanzo wa ukoo huu wote, Pontiac GTO ya 1964, lilizaliwa kwa kuchukua kipuri kilichokuwapo na kukiweka mahali ambapo hakikukusudiwa kukaa. Wahandisi wa Pontiac walichukua injini ya inchi za ujazo 389, iliyokuwa ikifungwa kwenye magari yao makubwa, wakaiingiza katika bodi ya Tempest ya ukubwa wa kati. General Motors, kampuni mama ya Pontiac, ilikuwa na kanuni yake ya ndani iliyozuia bodi za ukubwa huo zisipewe injini inayozidi inchi 330, na ndiyo sababu GTO haikuanza kama modeli inayojitegemea, bali iliuzwa kama kifurushi cha nyongeza cha takriban dola 295 juu ya Tempest LeMans. Miaka minne baadaye Plymouth walitoa Road Runner kwa bei ya kuanzia iliyokuwa chini ya dola 3,000, wakiwa wameondoa mapambo karibu yote na kubakiza injini ya inchi 383, breki na springi imara. Kwa hiyo unalolifanya wewe limo ndani kabisa ya asili ya magari haya.

Tofauti iliyopo ni kwamba vipuri vya kiwandani vilikuwa vya ukoo mmoja, na aliyevichagua alijua kila kimoja kinashikana na kipi. Anayenunua bloku kwa mtu mmoja, hedi kwa mwingine na flekspleti kwa wa tatu hupata kila kimoja kwa bei nzuri, kisha fedha zote alizookoa huishia kwenye vitu vidogo vya kuvipatanisha: boliti za urefu mwingine, puli isiyolingana na mkanda, bomba la maji linalogonga alternata. Nimelipitia hilo mara mbili, na mara zote mbili gari lilisimama miezi kadhaa likisubiri kitu kinachotosha kiganjani.

Ushauri wangu ni kwamba uache kukusanya, utafute gari moja zima la kutoa vipuri. Kwa Maverick, ninalolipenda ni Ford Explorer ya kati ya 1996 na 2001 yenye V8 ya lita 5.0. Injini hiyo ni 302 ileile ya zamani katika umbo lake la mwisho, na kiwandani ilitoa nguvu farasi kati ya 210 na 215, ilhali sita yako ya 1972 haikufika hata 100. Kamshafti yake (shafti inayofungua valvu) inatumia lifta za rola, yaani visukuma valvu vyenye kigurudumu, na hedi zake ni za aina ya GT40 au GT40P, ambazo hupitisha hewa vizuri kuliko zile za 302 za kawaida za miaka ya 1970. Magari haya mengi yameishia kwenye yadi za chakavu kwa sababu ya gia, kutu au ajali, huku injini ikiwa bado nzima.

Kabla ya kulipa, fungua kifuniko cha oili uangalie kama kuna utandu wa rangi ya maziwa, maana huo ni ushahidi wa maji ndani ya oili. Toa plagi zote nane uzipange kwa mfuatano wake, kisha geuza injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Plagi moja ikiwa safi mno kuliko wenzake, yawezekana maji yameingia katika silinda hiyo. Na ukishanunua, usiondoke bila brakti, puli, boliti na nyaya zote, hata zile unazodhani hutazihitaji.

gasketi_mpya

Nakubaliana na fundi_wa_jioni, ila swali la kwanza halijajibiwa, nalo ndilo la hatari. Ndugu mwenye mada, tafadhali usiifunge flekspleti ile ya 1988 kwenye krankshafti ya 1974.

Ford 302 husawazishwa kwa uzito wa nje, yaani sehemu ya uzito unaosawazisha krankshafti imewekwa kwenye flaiwili au flekspleti upande wa nyuma na kwenye puli kubwa ya mtetemo upande wa mbele. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 uzito huo ulikuwa wa kipimo cha aunsi 28; baada ya hapo krankshafti ikafanywa nyepesi zaidi na kipimo kikawa aunsi 50. Vipuri vya vipindi hivi viwili hufungana vizuri kwa boliti, matundu yanalingana, hakuna kitakachokuonya. Injini itawaka, na kwa mwendo wa taratibu utaona mtetemo ambao utaudhania kuwa ni wa kabureta. Mimi niliufukuza mtetemo huo kwa wiki tatu, nikabadilisha plagi, waya na mipira ya kushikilia injini, hadi nilipoteremsha gia na kukuta namba ya kipuri isiyolingana. Wakati huo beringi za krankshafti zilikuwa zimekwisha kulika, na ilinibidi kuifungua injini yote.

Kwa hiyo, ukibaki na bloku ya 1974, tafuta flekspleti na puli za aunsi 28. Ukihamia kwenye injini ya Explorer, vyote viwe vya aunsi 50, na uhakikishe flekspleti ina meno ya idadi inayolingana na nyumba ya C4 yako, ama sivyo stata haitashika.

Injini ya Explorer ina mitego mingine ambayo ni vizuri uijue mapema. Mfuatano wake wa kuwasha ni 1-3-7-2-6-5-4-8, wakati 302 ya zamani ni 1-5-4-2-6-3-7-8. Mfuatano huu huamuliwa na kamshafti, wala si bloku, na mtu anayepanga waya za plagi kwa kitabu cha Maverick ataishia kusikia milipuko ndani ya kabureta. Pampu ya maji nayo huzungushwa na mgongo wa mkanda mpana, hivyo huzunguka kinyume na pampu za zamani. Ukirudisha mikanda ya zamani yenye umbo la V, lazima ubadilishe na pampu, la sivyo injini itachemka huku rejeta ikiwa mpya. Bakuli la oili pia ni la kubadilishwa, kwa sababu Maverick inahitaji lenye kina upande wa mbele, pamoja na bomba lake la kufyonzea oili na kifuniko cha mnyororo wa taimingi chenye tundu la kijiti cha kupimia.

Distribyuta (inayogawa umeme kwa plagi) haimo kabisa katika Explorer. Ukitaka kabureta utaweka distribyuta ya zamani, lakini gia yake ndogo iwe ya chuma cha aina inayokubaliana na kamshafti ya rola, maana ile ya chuma cha kusubu husagika na unga wake huingia kwenye oili.

spana_na_subira

Nawashukuru sana. Nimekwenda kuipima flekspleti yangu na kusoma namba yake, na kweli ni ya aunsi 50, wakati krankshafti ni ya 28. Ningezifunga Jumamosi hii. Naomba anayejua habari za breki na difu (ekseli ya nyuma na gia zake) anisaidie, kwa sababu gari langu bado lina breki za drumu magurudumu yote, zenye boliti nne kila gurudumu.

chuma_na_moto

Ndugu yangu, umeuliza ni kitu gani usikibanie fedha, na jibu langu ni breki na sakafu, kabla hujagusa injini. Nasema kwa msisitizo kwa sababu nimeona magari mengi yenye injini iliyong'arishwa hadi boliti, yakisimama kwa drumu ndogo zilizokusudiwa gari la mwendo wa kwenda sokoni.

Mbele, tafuta seti kamili ya breki za diski kutoka Maverick au Mercury Comet ya V8 ya miaka ya baadaye, au kutoka Ford Granada ya 1975 hadi 1980, ambayo naklo zake (vipande vinavyoshika magurudumu ya mbele) zimetumika kwa miaka mingi kwenye magari ya ukoo wa Falcon, na Maverick yako ni mtoto wa ukoo huo. Chukua naklo, kalipa, diski, masta silinda na valvu ya kugawa shinikizo vikiwa pamoja. Masta silinda ya drumu huwa na valvu ndogo inayobakiza shinikizo kwenye mabomba, nayo ikiachwa kwenye diski, pedi zitagusa muda wote na kupata moto. Magurudumu yatakuwa ya boliti tano, kwa hiyo na nyuma lazima kulingane. Mipira ya breki na mabomba ya chuma, nunua mapya. Hapo hakuna mjadala wa kutumia vya zamani.

Kuhusu difu, wengi watakwambia uchukue ile ya inchi 8.8 ya Explorer hiyohiyo. Ni nzuri: ina shafti za meno 31, kuanzia 1995 ina breki za diski, na boliti zake tano zimepangwa kwenye duara la inchi 4.5 kama Ford za zamani. Lakini ni pana mno kwa Maverick, na pinioni yake (gia ndogo inayopokea mzunguko kutoka kwenye injini) haiko katikati. Kinachofanyika ni kukata takriban inchi 3 kwenye bomba la upande mrefu na kuweka shafti fupi ya pili kutoka Explorer nyingine, hapo pinioni inasogea katikati na upana unakaribia ule wa asili. Baada ya hapo unachomelea vikalio vipya vya springi. Mimi ni mchomeleaji, kazi hii naifanya, na ndiyo maana nakushauri usianze nayo. Bomba likipinda kidogo tu kwa joto la kuchomelea, beringi za magurudumu hazidumu. Difu ya inchi 8 kutoka Maverick yenye V8 hufungwa bila kukata chochote, na kwa injini ya farasi 215, gia ya otomatiki na matairi ya kawaida, inatosha kabisa.

Kisha bodi. Maverick haina chasisi ya kujitegemea. Sakafu na kingo za chini ndizo zinazobeba nguvu. Ondoa zulia lote, gonga sakafu kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma, na uangalie mahali springi za nyuma zinapofungwa. Bati lililolika likatwe hadi kwenye chuma kizima na lichomelewe jipya. Puti na faiba vilivyowekwa juu ya kutu haviwezi kushika nguvu ya V8.

fundi_wa_jioni

Nakubali kuhusu difu; chuma_na_moto ana hoja kuliko mimi, kwani nilitaka kuipendekeza ile ya 8.8. Niongeze jambo moja tu. Hedi za GT40P zina plagi zilizoinama kwa pembe tofauti, na eksozi nyingi za mabomba zilizotengenezwa kwa 302 hugusana na vifuniko vya plagi hizo. Angalia alama kwenye kona ya hedi: mistari mitatu ni GT40, minne ni GT40P. Kwa kuwa nafasi kati ya minara ya springi za mbele za Maverick ni finyu, pima kabla hujanunua eksozi.

Na ukichagua kabureta, usitumie pampu ya petroli ya Explorer. Shinikizo lake ni la sindano za petroli, wakati kabureta inataka paundi 5 hadi 7 tu kwa inchi ya mraba. Pampu ya umeme ya shinikizo dogo, iliyofungwa karibu na tangi na yenye swichi ya kujizima injini inapozimika, ndiyo salama.

spana_na_subira

Nimeelewa, na nimebadilisha mpango. Bloku ya 1974 na flekspleti ya 1988 nitaziuza kila moja peke yake, nikimweleza mnunuzi wazi kipimo chake cha aunsi. Jumamosi, badala ya kufunga injini, nitatoa viti na zulia na kuipitia sakafu kwa nyundo. Fedha ya mwezi huu na ujao inakwenda kwenye naklo za Granada na difu ya inchi 8, na Explorer nitaitafuta baada ya gari kuweza kusimama. Nitaleta picha za sakafu hapahapa, na ninaomba chuma_na_moto azitazame kabla sijakata bati.