Tupeane uzoefu: distinksyo uliipataje, na ilikufaa nini?

Yaya wa Kamalondo
Bandugu, jambo yenu. Mdogo wangu ameingia L1 (mwaka wa kwanza) ya uchumi huko Kasapa, Chuo Kikuu cha Lubumbashi hapa Kongo, na tayari anauliza afanye nini amalize na distinksyo, ile heshima ya alama za juu. Mimi nilimaliza kabla ya LMD (mfumo mpya wa licence, master, doctorat), hesabu zangu ni za graduat, ile digrii ya kwanza ya zamani ya miaka mitatu. Mliomaliza na mnaosoma, semeni ilivyokuwa kwenu. Ushauri wa "soma kwa bidii" wekeni pembeni, mama anampa kila jioni.

Mwana Katuba
Mimi pia ni wa zamani: G1 hadi G3 (miaka mitatu ya graduat), halafu licence ya zamani miaka miwili. Distinksyo kuanzia asilimia 70, grande distinksyo 80. Watu hawaangalii uzito wa masomo. Somo la saa 60 halilingani na la saa 15, kwa sababu juri likikaa kwenye deliberasyo kuamua matokeo, kila kote (alama) inazidishwa kwa uzito wa somo lake. Promosyo yetu (darasa la mwaka wetu) walikesha kwa ajili ya somo dogo eti profu mkali, somo kubwa wakalisoma usiku wa kuamkia mtihani. Mimi niliandika masomo yote ukutani, mazito juu, nikasoma kwa mpangilio huo. Yale madogo nilitafuta 12 kwa 20 tu, nikalala.

TP (kazi za mazoezi) nazo msizidharau. Asista (msaidizi wa profu) anazisahihisha akiwa hajachoka bado, na kote zake zinaingia kabla mtihani haujakutisha.

TFC, ile kazi ya kuandika ya kumaliza graduat, ilinichosha zaidi. Direkta wangu (profu wa kunisimamia) alikuwa mtu wa safari, sura ya pili aliisomea uwanja wa ndege. Chagueni direkta anayepatikana. Jina kubwa halisahihishi kurasa.

Fundi wa Poly
Distinksyo sina. Sesyo ya pili, ile ya kurudia mitihani, ilikuwa likizo yangu ya kila mwaka. Kazi ya kwanza niliipata Kolwezi, na waliniuliza kama ninajua kuendesha gari.

Mama Promo
@Fundi, wewe ulikwenda mgodini. Aliyetaka kubaki chuo kama asista, distinksyo ilikuwa ndiyo mlango. Satisfaksyo yake (daraja la chini ya distinksyo) hata ingekuwa tamu vipi, faili halikusogea.

Lakini mdogo wa yaya ni mtoto wa LMD, mambo mengine. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, mwaka mmoja ni kredi 60, muhula 30. Licence miaka mitatu, kredi 180, kisha master 120. Kredi ulizopata ni zako, hakuna anayekurudisha kuzitafuta tena. Za masomo yaliyokushinda unazibeba kama deni, na deni la L1 likiangukia siku moja na mtihani wa L2, utajua mwenyewe. Kwetu nyumbani binti alipomaliza licence, muzee alikataa kuchinja mbuzi: "Miaka mitatu? Hiyo si graduat?" Mbuzi anasubiri master.

Mtoto wa Lushi, Marekani
Nasoma biolojia huku, niwaambie kidogo. Hakuna promosyo inayotembea pamoja kama kwetu. Unaingia, unasoma masomo ya jumla ya lazima (mimi wa biolojia niliandikishwa historia na uandishi), na fani kuu unaweza kuitangaza hata mwishoni mwa mwaka wa pili. Digrii ya miaka minne ni kredi 120 hivi.

Heshima ziko namna mbili. Cum laude, magna na summa (ngazi tatu za kupanda) zinatoka kwenye wastani wako kwa kipimo cha 4. Ile ya idara unaiomba mwenyewe: uwe na wastani wanaoutaka, upate profu wa kukusimamia, uandike tasnifu na mara nyingi uitetee. Wengi wanamaliza bila kuandika tasnifu yoyote. Nilipowaambia kwamba kwetu hata mtu wa sesyo ya pili anaandika TFC, hawakuamini.

Mwana Katuba
Basi tulikuwa na heshima sote, hatukuambiwa tu.

Yaya wa Kamalondo
Aksanti sana. Mdogo wangu amesoma yote. Anauliza kitu kimoja: kredi za kila somo anazionea wapi?

Mama Promo
Kwenye valve (mbao za matangazo) za kitivo, mwanzoni mwa mwaka. Asipoziona, aulize sekretarieti asubuhi, kabla foleni haijafika barabarani. Na apige picha kwa simu palepale, maana hiyo karatasi haimalizi wiki mbili bila mtu kuing'oa.