Mjadala: Kiwanda cha redio cha Marconi kugeuzwa fleti, ilikuwa sawa?

Mtoa mada

Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanikera, naomba tulijadili bila matusi. Chelmsford, mji ulio kaskazini mashariki ya London, una barabara iitwayo New Street. Hapo ndipo kampuni ya Marconi ilipojenga kiwanda cha mitambo ya redio mwaka 1912, kikakamilika kwa wiki 17 tu. Kabla ya hapo walikuwa mtaa wa Hall Street, tangu Desemba 1898, ndani ya jengo ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha hariri. Hall Street ndicho kinachohesabiwa kuwa kiwanda cha kwanza cha redio duniani. New Street kilijengwa kuanzia msingi kwa ajili ya redio na si kitu kingine.

Leo jengo la mbele la New Street, la ofisi, linalindwa na sheria ya majengo ya kale. Zunguka nyuma sasa, kulikokuwa na karakana: fleti. Kazi ilihama pale mwaka 2008, pakakaa patupu miaka kadhaa, halafu 2013 matingatinga yakaingia na kampuni ya Bellway ikajenga makazi.

Msimamo wangu ni huu: wamehifadhi upande usiostahili. Mbele ndiko zilikosainiwa karatasi, redio zilitoka nyuma. Naomba kuwasilisha.

Mpangaji

Mkuu, kiwanda si kaburi la walii. Kazi ikiisha inabaki ardhi, na watu wanatafuta pa kulala. Pale stesheni ya treni ni mwendo wa miguu, wakazi wengi wa mji ule wanakwenda London asubuhi na kurudi jioni. Ulitaka nyumba zijengwe wapi, mashambani?

Halafu hebu tuseme ukweli. Karakana tupu ni paa la vioo linalovuja na sakafu yenye mafuta. Watu wangeingia siku ya kwanza, wakapiga picha, basi. Gharama za paa angelipa nani?

Fundi Koili

Mpangaji, umezungumzia paa. Mimi nizungumzie kilichokuwa chini yake, maana naona tunabishana juu ya kiwanda bila kujua kilitengeneza nini.

Nimesokota koili maisha yangu yote, nikuelezee kifaa kimoja tu. Ni cha kunasia mawimbi ya redio melini, na wenyewe walikiita Maggie. Ni sanduku la mbao, juu yake magurudumu mawili madogo, na mkanda wa nyuzi laini za chuma unaozunguka kutoka gurudumu moja hadi jingine. Kinachouzungusha ni mtambo wa saa, ule wa kutia ufunguo. Mkanda unapita ndani ya koili mbili, karibu na sumaku mbili zilizopinda kama kwato ya farasi. Koili moja imeungwa na antena, nyingine na spika za masikioni. Wimbi likiingia, usumaku wa mkanda unabadilika ghafla, nawe unasikia mlio mdogo sikioni. Betri haitumiki. Lakini ukisahau kutia ufunguo, meli nzima imekuwa kiziwi.

Maggie alikuja mwaka 1902. Kabla yake walitumia kibomba cha kioo chenye unga wa nikeli uliochanganywa na fedha kidogo. Wimbi likipita unga unashikamana, umeme unapita, halafu kinyundo kidogo kinagonga kibomba ili unga uachiane tena. Hebu pima mwenyewe: kila herufi ya simu ya upepo ilikuwa inasubiri kinyundo!

Kwa hiyo Maggie alikuwa hatua kubwa. Aprili 1912 alikuwemo kwenye chumba cha simu cha Titanic. Waendesha redio wake, Jack Phillips na Harold Bride, waliita msaada kwa mitambo ya Marconi, meli ya Carpathia ikasikia, watu 700 na ushei wakapona. Phillips hakurudi. Sasa waya wa koili zile ulisokotwa na mikono ya nani? Sielewi mtu anavyoweza kuhifadhi mlango wa mkurugenzi akabomoa benchi la msokotaji.

Dada Mawimbi

Kaka Fundi, umeeleza vizuri, ila mnapamba mno. Kampuni hiyohiyo ilikuwa na masharti kwamba vituo vyake visipokee salamu za meli zenye mitambo ya washindani, isipokuwa kwenye hatari. Ililazimu mataifa kukaa Berlin mwaka 1906 kukubaliana kwamba vituo vya pwani vipokeane na meli bila kujali mtambo ni wa nani. Na Guglielmo Marconi mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni, alijiunga na chama cha Kifashisti cha Mussolini, dikteta wa Italia, mwaka 1923. Mkitaka makumbusho, hayo nayo yaandikwe ukutani, la sivyo itakuwa ni tangazo la biashara.

Msoma Hesabu

Mnalilia matofali, wakati kiwanda kilikufa kwenye daftari kabla ya tingatinga kufika.

Fuateni mlolongo. Mwaka 1946 Marconi ilichukuliwa na English Electric, kampuni ya Uingereza ya mitambo ya umeme. Mwaka 1968 English Electric ikamezwa na GEC, kampuni nyingine ya umeme iliyoongozwa na Arnold Weinstock, mtu aliyekuwa maarufu kwa kubana senti. Weinstock alipoondoka 1996 aliacha akiba ya mabilioni, na wakubwa wa fedha wa London walimcheka kwamba anakalia pesa kama kuku. Waliomfuata wakaona akiba ni ushamba. Mwaka 1999 upande wa mitambo ya kijeshi ukauzwa kwa British Aerospace, kampuni ya ndege, kwa pauni bilioni 7.7, ndipo ikazaliwa BAE Systems, kampuni ya silaha. Kilichobaki kikavishwa jina la Marconi, kikaenda Marekani kununua kampuni za mitambo ya mawasiliano, Fore Systems na Reltec, kwa bei ya kilele cha wazimu wa intaneti.

Mwaka 2000 hisa moja ilivuka pauni 12. Julai 2001 wakatangaza biashara mbaya, bei ikaporomoka zaidi ya nusu kwa siku moja. Baadaye hisa ilikuwa ya senti. Mwaka 2005 BT, kampuni ya simu ya Uingereza, iliwanyima kandarasi ya mtandao wake mpya, na kabla mwaka haujaisha Ericsson wa Sweden wakakubali kununua sehemu kubwa ya kampuni, pamoja na jina, kwa pauni bilioni 1.2.

Kwa hiyo Mpangaji anaposema kazi iliisha, sikubali. Kazi ya redio haikuisha, angalieni simu zilizo mikononi mwenu. Kuna watu waliicheza kamari.

Mpangaji

Sawa mzee, wakurugenzi walikosea, hilo sibishi. Lakini ukishajua nani alicheza kamari, bado eneo lile lingefanywa nini mwaka 2013? Hamjanijibu.

Mtoa mada

Nakujibu ndugu yangu, ila kwanza nimshukuru Msoma Hesabu, amenipa neno nililokuwa nalitafuta. Walichofanya 1999 na walichofanya 2013 ni kitu kimoja: kubaki na jina, kuachia kazi iende. Ukuta wa mbele wa New Street ni jina.

Tukio kubwa kuliko yote pale halikutokea ofisini. Tarehe 15 Juni 1920 mwimbaji Nellie Melba wa Australia aliletwa kuimba, gazeti la Daily Mail likigharamia. Walimweka kwenye banda lililokuwa la kufungashia mizigo, mbele ya kipaza sauti kilichoundwa kwa kipande cha simu, na pembe yake ikatengenezwa kwa mbao za masanduku ya sigara. Sauti ikatoka kwenye milingoti ya New Street ikasikika sehemu nyingi za Ulaya. Miezi michache baadaye idara ya posta ikapiga marufuku burudani hizo, eti zinaingilia mawasiliano ya maana! Hewa ikanyamaza hadi Februari 1922, kibali kilipotolewa kwa kituo cha redio cha 2MT, kwenye kibanda cha mbao kijijini Writtle, jirani tu na Chelmsford. BBC ilianza baadaye mwaka huohuo.

Na Mei 1941 bomu la Wajerumani liliangukia wapi? Karakana. Watu 17 wakafa kazini.

Sasa jibu lako. Nyumba zijengwe, sijapinga nyumba. Lakini mjenzi angelazimishwa kuacha karakana moja, hata kona yake, benchi na mashine zikae zilipokuwa. Kibanda cha Writtle kilihamishwa na leo kipo kwenye makumbusho ya Sandford Mill. Tena kile kilikuwa kimeshageuzwa hadi kuwa banda la michezo la shule.

Mpangaji

Kona moja nakubali. Karakana nzima hapana, hapo nabaki palepale.

Dada Mawimbi

Na ile habari ya 1906?

Mtoa mada

Iandikwe, dada. Na ya 1923 pia.

Fundi Koili

Mimi nina sharti moja. Maggie asifungiwe kwenye kioo. Atengenezwe mwingine wa mfano, mtoto akija aruhusiwe kutia ufunguo mwenyewe, avae spika za masikioni, asubiri.