Ndoto ya lawama: umuulize mtu, au unyamaze?

Nyamizi:
Ndugu zangu, nisaidieni, usingizi umenikimbia. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu, wanawake 28. Juzi nimeota tumekaa mkekani kama kila Jumamosi, sanduku katikati, kufuli zote tatu zimefungwa. Kufunguliwa, ndani hamna hela, pumba tupu mpaka juu. Wifi yangu akasimama, akaninyooshea kidole mbele ya wote: "Ni huyu." Nataka kujitetea, mdomo umegoma. Nimeamka shuka limelowa jasho. Mtu akikulaumu ndotoni, ndiye anayekusema pembeni? Nimwite wifi tuyamalize, au si haki kumuuliza mtu kwa ndoto?

Kijana wa Makoroboi:
Ndoto haikosi sababu, dada. Mweka hazina asiyegusa hela za watu bado hajazaliwa. Anza kujiuliza mwenyewe.

Binti Pemba:
Sisi tumefundishwa ndoto ni za aina tatu: ya kheri itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na ile ya mawazo ya mtu mwenyewe. Ukiota baya, jikinge kwa Mungu, tema kushoto mara 3, geuza ubavu, na usimsimulie mtu. Hilo la mwisho ndilo ulilokosea. Wifi wa watu ameshachafuka naye hana habari.

Nyamizi:
Sikumtaja jina.

Binti Pemba:
Wifi unao wangapi?

Nyamizi:
Mmoja.
Ila huyo wa Makoroboi amenichoma. Mwaka wa 4 huu sanduku linalala kwangu, na funguo zinashikwa na watu watatu wengine. Mimi sina hata mmoja!

Kijana wa Makoroboi:
Funguo zinachongwa. Mama yangu aliweka akiba mwaka mzima, siku ya kuvunja kikoba wakaambiwa sanduku limeibwa. Hela ya bweni langu la kidato cha tatu ilikuwa mle. Nilirudi nyumbani na begi. Kwa hiyo msinifundishe adabu kwenye hili.

Mama Tuma:
Pole kaka, lakini usimtwishe huyu dada deni la mwingine. Sisi tulihamia kwenye simu, masanduku yamepitwa.

Kijana wa Makoroboi:
Na namba ya siri anayo nani? Mweka hazina!

Mama Tuma:
Laini ni yake, namba ya siri anayo katibu. Peke yake hatoi hata mia. Uliza kabla ya kupayuka.

Mzee wa Kahama:
Wanangu, mnabishana kufuli. Turudini kwenye ndoto. Pale kijijini kwetu jirani alifiwa na mtoto. Mama wa mtoto akaota bibi mmoja amekaa kizingitini kwake anasuka ukili. Asubuhi akasimulia kisimani, kwa uchungu tu, hakumtuhumu mtu. Jioni jina lilishafika kwa mpiga ramli. Bibi yule macho yalikuwa mekundu kwa moshi, kuni hazipatikani, alipikia kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote. Watu wakasema macho si hayo? Alihama usiku, godoro kichwani, mjukuu kamshika upindo wa kanga. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928, lakini kisimani asubuhi ile haikuwepo. Binti, hiyo ndoto usiipe miguu.

Kijana wa Makoroboi:
Shikamoo mzee. Hakuna aliyemwita wifi mchawi. Mimi nimesema hela.

Mzee wa Kahama:
Marahaba. Hata kisimani hakuna aliyesema mchawi.

Mwalimu Mstaafu:
Someni Mathayo 27:19. Pilato yuko kitini pa hukumu, mkewe anamtumia neno: usiwe na neno na mwenye haki yule, nimeteswa mengi katika ndoto kwa ajili yake. Ndoto ya kumtetea mtu ililetwa mpaka mbele ya hakimu, na bado mtu akatolewa asulubiwe. Ya kumlaumu bibi haikuhitaji hata hakimu. Hilo linaniuma.

Mama Tuma:
Mwalimu umenena. Ila vitabu vya tafsiri vinasema ukiota unashtakiwa, kuna adui wa karibu.

Binti Pemba:
Vitabu gani? Vile vinavyobandikwa jina la Ibn Sirin, yule mwanazuoni wa kale aliyesifika kwa kufasiri ndoto? Yeye alifariki mwaka 110 Hijria, na wanazuoni wengi hawakubali kwamba ni kazi yake. Usimpe mtu adui kwa kijitabu cha kando ya barabara.

Nyamizi:
Mzee, nimekusoma mara mbili. Wifi amepiga simu mchana huu, nikashtuka hata sikuitika vizuri. Kumbe anaulizia sufuria lake kubwa la msiba kama liko kwangu. Nikamwambia lipo, nimeshalisugua. Lingine sikusema.

Kijana wa Makoroboi:
Na sanduku, mmehesabu?

Nyamizi:
Jumamosi. Mbele ya wote.