Insulini juu ya fungu la nyanya

Kikundi: Wana wa Chumbageni

Mwajuma, saa 8:20 mchana
Assalamu alaykum. Naomba kila mmoja asome hadi mwisho kabla ya kujibu. Leo famasi ilimtuma kijana wa bodaboda ampelekee Mama insulini, na kijana huyo, alipobisha hodi asijibiwe kwa kuwa Mama alikuwa akiswali adhuhuri, aliuacha mfuko gengeni kwa Mama Rehema, juu ya fungu la nyanya, ukakaa juani zaidi ya saa nzima. Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 8, na jua la Tanga la mwezi wa pili mnalijua.

Idi, 8:23
Basi nyanya hizo sasa zinawafaa wenye sukari.

Mwajuma, 8:25
Idi, sitanii. Lililoniogofya zaidi ni bahasha mbili za vidonge zilizokuwamo, zote zimeandikwa "1x2" kwa kalamu, bila jina la dawa wala la mgonjwa. Mama hupewa vidonge vya metformin peke yake. Bahasha ya pili ina glibenclamide, jina limesomeka kwenye karatasi ya vidonge, na dawa hiyo ikiongezwa juu ya insulini kwa mtu wa umri wake inaweza kuishusha sukari hadi akazimia. Nadhani ni ya somo yake wa nyumba ya nyuma.

Zuhura, 8:47
Ni kweli, dada. Chupa nimeiviringisha viganjani kama tulivyofundishwa kliniki, lakini haikuwa nyeupe sawasawa kama maziwa. Chembe zimegandia ukutani mwa chupa. Nimeiweka kando. Ya zamani imebakiza sindano ya leo jioni na ya kesho asubuhi, nayo imo ndani ya chungu cha maji, kwa sababu friji, basi, mnajua.

Hamisi, 8:52
Kwa kuwa friji imetajwa, nakumbusha kwamba mimi nilitoa sehemu yangu kabla ya arobaini ya Mzee.

Mwajuma, 8:53
Hesabu ile ilifungwa mbele ya Mjomba.

Hamisi, 8:54
Lililofungwa ni daftari.

Idi, 8:55
Labda friji nayo iliachwa gengeni.

Mwajuma, 9:10
Turudi kwenye dawa. Nimepiga simu famasi, nikaambiwa kwamba kijana si mwajiriwa wao, huitwa tu kijiweni, na mfamasia ametoka kula. Napendekeza kwamba kuanzia sasa wapige simu kwanza, dawa ibebwe ndani ya kikasha chenye barafu isiyogusana na chupa, maana insulini iliyoganda nayo imeharibika, na apokee Zuhura mwenyewe mkononi, asome kila jina akilinganisha na cheti cha daktari kabla bodaboda haijaondoka. Wakikataa, nitaandika kwa Baraza la Famasi.

Hamisi, 9:31
Ukiandika, nani atatukopesha hadi mwisho wa mwezi? Famasi nyingine zote zinataka fedha mkononi.

Mwajuma, 10:15
Watu kumi na wanne wamesoma na wamenyamaza.

Mjomba Mkubwa, 11:05 jioni
Wanangu, nimesoma yote. Hamisi aliposhikwa na degedege, dada yangu alimbeba mgongoni kutoka Pongwe hadi hospitali ya Bombo, na njiani hakumpa mtu amshikie. Dawa yake isipokewe tena gengeni. Jambo jingine: mmezungumza mchana kutwa, na sijaona aliyeuliza kama yule somo yake ana dawa ya kumeza leo.

Zuhura, 11:40
Shikamoo Mjomba. Ndiyo kwanza natoka kwake. Vidonge vilimwishia jana, na tangu asubuhi amekaa barazani akisubiri pikipiki. Nimemwonyesha bahasha, lakini sikuthubutu kumwachia kabla mfamasia hajathibitisha kwamba ni yake, na simu ya famasi haipokewi.

Mwajuma, 11:44
Maneno ya Mjomba na yatuzindue. Zuhura, ifuate famasi kwa miguu kabla haijafungwa, ukaonane na mfamasia mwenyewe. Na chupa mpya ya Mama, nani ataichukua kesho asubuhi? Kesho jioni hana sindano.

Hamisi, 12:20
Mimi niko Muheza hadi Jumatatu. Fedha nitatuma, ila nipewe risiti.

Idi, 12:26
Nitaona kesho.

Mwajuma, 12:27
Utaona, au utakwenda?

Salma, saa 4:58 usiku
Samahanini, nilikuwa harusini. Nani anaumwa?