Tupeane uzoefu: Uliyefanya kazi karibu na kigogo wa mkoa, lini uliona anaanza kuporomoka?

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Habari za vigogo kukamatwa huwa tunazipata siku ya pingu, wakati waliokuwa jikoni walishaona zamani. Madereva, makarani, wakandarasi, hata wafagia ofisi, karibuni. Majina tuyaache.

Dereva Mstaafu
Nilimwendesha mmoja miaka sita. Mwanzoni alikaa mbele na mimi, watoto wangu anawajua kwa majina. Kufika mwaka wa tatu akahamia kiti cha nyuma, msafara ukawa magari manne, nami nikawa napewa mifuko nipeleke mahali bila kuambiwa ina nini. Sikuuliza. Mshahara ulikuwa unaingia.

Simu yake ilikuwa hailali, mpaka akaajiri kijana wa kuishika tu. Halafu ikaja wiki moja kimya. Tukiwa njiani akaniambia, "Hebu nipigie, sijui mtandao umekata?" Nikapaki pembeni, nikapiga. Ikaita. Akaliangalia jina langu kwenye kioo weee, kisha akakata. Hapo nikajua tumekwisha.

Meza ya Zabuni
Mimi nilikuwa manunuzi, na nakiri saini yangu imo. Mchezo wenyewe ni mwepesi. Kazi moja kubwa ingelazimu zabuni ya wazi, basi mnaikata vipande vinane, thamani ya kila kipande ikae chini ya kiwango kinacholazimu zabuni ya wazi. Kila kipande kinahitaji profoma (karatasi za bei) tatu za kampuni tatu "zinazoshindana". Zote alizichapa kijana mmoja, kompyuta moja.

Yule kijana neno "ukarabati" alikuwa anaandika "ukarabari". Kampuni tatu, anwani tatu, mihuri mitatu, kosa moja! Mkaguzi alikuwa mama mpole, hasemi sana. Aliziweka karatasi tatu sambamba mezani, akapiga mstari kwa penseli chini ya neno lile, akaomba maji ya kunywa. Mheshimiwa alikuwa na mawakili wazito, lakini uzi ulianza kufumuka pale. Mimi niliponea kwa kukubali kuwa shahidi, na kuna watu hawanisalimii hadi leo.

Chawa Mstaafu
Kwetu dalili ilikuwa WhatsApp. "Fulani ameondoka kwenye kundi." Siku moja wakaondoka kumi na mmoja, na mimi nikiwemo 😂

Mkandarasi Mdogo
Mnacheka, mimi naumia. Asilimia kumi yake nililipa kabla hata ya kumwaga zege, kwa mkopo wa benki. Akaanguka nikiwa nimesimamisha nguzo. Aliyemrithi akaniambia mkataba ule ni "wa utawala uliopita", nikamwone msaidizi wake. Nikaenda. Asilimia ni ileile, sura tu ndiyo mpya. Nguzo zimesimama hadi leo, daraja hakuna. Siku watu wanashangilia kuanguka kwake mimi nilikuwa benki.

Msoma Magazeti
Mwangalieni James Ibori wa jimbo la Delta, Nigeria. Kabla ya siasa aliishi London, alikuwa keshia wa duka la vifaa vya ujenzi, akatiwa hatiani kwa wizi. 1999 akawa gavana, akakaa hadi 2007. Mahakama ya nyumbani ikamfutia mashtaka 170 mwaka 2009. Huko London 2012 akakiri mwenyewe utakatishaji wa fedha, akafungwa miaka 13. Alitoka gerezani Desemba 2016, na aliporudi kwao 2017 alipokelewa kwa shangwe.

Mleta mada
Shangwe! Haya, mkandarasi, pole sana. Na wewe Meza ya Zabuni, kukiri hadharani si kazi ndogo, ingawa wa vipande vinane nakuona bado unatabasamu kidogo ukisimulia.

Mkuu Dereva, mshahara wako wa mwisho alikulipa?

Dereva Mstaafu
Miezi mitatu ananidai... samahani, namdai. Mazoea. Lakini ufunguo wa gari ninao mimi. Siku walipokuja kulikamata hakuna aliyenitafuta, wakalivuta kwa mnyororo huku breki ya mkono imefungwa. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nimesimama na ufunguo mfukoni.