Tupeane uzoefu: Ulichaguaje betri mpya ya gari lako?

Ndugu wanachama, naanza na kosa langu mwenyewe. Betri ya gari langu dogo la Kijapani ilipokufa, nilimwambia muuzaji kwamba nataka betri ya saizi ya NS60, nikalipa na kuondoka bila kuitazama ile ya zamani. Fundi alipoipachika, waya wa chanya haukufika, kwa kuwa kichwa cha chanya kilikuwa upande wa pili. Ya zamani iliandikwa 46B24L, yaani NS60L, na niliyonunua ilikuwa 46B24R. Fundi akashauri tuigeuze au turefushe waya. Nilikataa, maana atakayekuja kuhudumia gari baadaye akikosea upande ataunguza fyuzi kuu na diodi za alteneta. Siku hiyo ndipo nilipoelewa maandishi yale: 46 ni kiwango cha nguvu, B ni kundi la upana na kimo, 24 ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho ni upande wa vichwa. Nanyi tuelezeni yaliyowapata.

Mchangiaji wa Dodoma: Langu ni Mazda yenye mfumo wa i-stop, unaozima injini kwenye foleni na kuiwasha tena. Lilikuja na Q-85, betri iliyotengenezwa kwa mfumo kama huo. Kwa kubana matumizi niliweka betri ya kawaida, ambayo haikujengwa kustahimili kuchajiwa na kutumika mara nyingi kiasi hicho, na haikumaliza mwaka. Hesabu ya unafuu wangu mnaweza kuipiga wenyewe.

Mchangiaji wa Mombasa: Wenye Prius waangalie buti, kwani katika matoleo mengi betri yake ndogo ya volti 12 imewekwa humo, nayo ina kijibomba cha kutolea gesi nje. Nilikaribia kununua isiyo na tundu la kijibomba hicho, jambo ambalo lingeacha haidrojeni ndani ya gari tunamopanda na watoto.

Mchangiaji wa Morogoro: Mimi nilidhani kubwa ndiyo bora, nikabeba 75D23L kwa gari la B24. Urefu ulikaribiana, lakini upana wake ni kama sentimita 17 badala ya 13, hivyo haikuingia kwenye trei, na vibano vyangu vyembamba havikuvaa vichwa vyake vinene. Muuzaji, kwa hisani yake, alinibadilishia kwa sababu haikuwa na mkwaruzo.