Naomba ushauri: Windows inaiita diski ya data Disk 0, SSD ndiyo Disk 1

Wakuu, habari zenu. Kompyuta yangu ya mezani ina diski mbili: SSD ya GB 256 yenye Windows 10, na hadidiski ya TB 1 ya kuhifadhia data. Nilitegemea SSD iwe Disk 0, lakini kwenye Disk Management hadidiski ndiyo Disk 0 na SSD ni Disk 1.

Naelewa namba hizi hutegemea mpangilio wa diski kutambuliwa mashine inapowaka, kwa hiyo tundu la SATA (pale waya wa diski unapochomekwa kwenye ubao mama) lina mchango wake, na herufi C na D hazihusiki. Hilo peke yake lisingenikosesha usingizi. Tatizo ni kile kipande cha EFI cha MB 100 (sehemu ya diski yenye mafaili ya kuwashia Windows): kiko kwenye hadidiski! Yaani nikiichomoa, huenda Windows isiwake kabisa.

Na hadidiski yenyewe nataka kuitoa, imeanza kukoroma. Je, nitengeneze kipande cha EFI kwenye SSD kisha niendeshe bcdboot (amri ya Windows ya kunakili mafaili hayo ya kuwashia), au niichomoe nisakinishe Windows upya? Aliyewahi kutumia bcdboot anielekeze tafadhali. Na kubadilishana nyaya za SATA kuna faida, au ni kujisumbua tu?